Hewa Mara Moja, Kisha Basi

Vitabu vya kufundisha upikaji wa bia nyumbani vina maagizo mawili ambayo, kwa msomaji mgeni, yanagombana. Mahali pamoja mpishi anaambiwa aitikise ndoo yake kwa nguvu mpaka povu lifike ukingoni, au aimimine kutoka juu ili irushe matone kila upande. Kurasa chache mbele anaonywa asithubutu kuiacha bia hiyohiyo idondoke ndani ya chupa. Mpira wa kuhamishia uzamishwe mpaka kitako cha chupa, bia ipande kimyakimya kutoka chini. Hewa iliyosifiwa siku ya kupika inalaaniwa wiki mbili baadaye. Wengi huyafuata maagizo yote mawili bila kuuliza, na wapo wanaoamua kwamba moja kati yake lazima liwe ushirikina. Maoni yangu ni kwamba yote mawili ni ya kweli, na kwamba anayeelewa kwa nini ni ya kweli ataokoa pesa nyingi dukani, maana vifaa vingi vya kuingizia hewa vinauzwa kwa watu ambao hawajaambiwa hewa hiyo inafanya kazi gani.

Uraibu huu una makao yake Uingereza na Marekani. Uingereza iliondoa mwaka 1963 sharti la leseni kwa mtu anayepika bia ya kunywa nyumbani kwake. Marekani ilichelewa zaidi: Rais Jimmy Carter alitia saini mwaka 1978 sheria iliyofungua mlango huo, na mwaka huohuo chama cha wapika bia wa nyumbani kikaanzishwa Boulder, jimbo la Colorado. Kipimo cha kawaida cha mpishi wa nyumbani ni lita 20 hivi. Shayiri iliyooteshwa na kukaushwa, yaani kimea, hulowekwa kama saa moja katika maji ya nyuzijoto 65 au zaidi kidogo, vimeng'enya vya nafaka vigeuze wanga kuwa sukari. Maji yake matamu huchujwa, huchemshwa kwa saa moja hivi pamoja na maua ya hopsi yanayotia uchungu, hupozwa haraka, kisha hutiwa hamira. Hayo maji matamu kabla ya kuchacha ndiyo tutakayoyaita hapa maji ya kimea.

Tatizo linaanzia jikoni, kwenye kule kuchemsha. Gesi huyeyuka vizuri katika maji baridi na hutoroka katika maji ya moto. Maji safi ya usawa wa bahari, yakiwa yameshiba hewa, hubeba zaidi ya miligramu 14 za oksijeni kwa lita yakiwa na nyuzijoto 0. Yakifika nyuzijoto 20 hubeba 9. Yakifika 30 hubeba 7.5, na yakichemka hayabaki na kitu cha maana. Sukari nayo inabana nafasi, kwa hiyo maji ya kimea ya bia ya nguvu ya wastani, hata yakipewa hewa yote inayowezekana katika nyuzijoto 20, hufikia miligramu 8 hivi na kugota hapo. Saa moja ya mchemko imeyaua maji yale mara mbili: imewaua vijidudu, jambo zuri, na imeifukuza hewa. Yakipozwa polepole ndani ya sufuria iliyofunikwa, yatabaki bila hewa. Mpishi anayetia hamira hapo anaitia katika chakula tele lakini mahali pasipo na oksijeni.

Na kwani kuna ubaya gani? Swali hili si la kijinga hata kidogo. Louis Pasteur, aliyechapisha mwaka 1876 kitabu kizima kuhusu bia, ndiye aliyeufundisha ulimwengu kwamba kuchacha ni maisha yanayoendelea bila hewa. Hamira haihitaji kupumua ili igeuze sukari kuwa pombe na hewa ya ukaa. Tena hamira ya bia ina tabia ya pekee: ikikuta sukari nyingi, huichachusha tu hata kama oksijeni imejaa pembeni. Wanasayansi huiita tabia hiyo kwa jina la Crabtree, Mwingereza aliyeona jambo linalofanana nalo kwenye seli za uvimbe mwaka 1929. Kwa hiyo maelezo yanayorudiwa mara kwa mara, kwamba tunatia hewa ili hamira ipumue kwanza ipate nguvu, halafu ichachushe, hayasimami. Ndani ya maji ya kimea yenye sukari tele hamira haipati nafasi ya kupumua kwa namna hiyo. Anayeamini maelezo hayo akasoma habari za Crabtree ana haki ya kuuliza hewa ni ya nini. Pasteur mwenyewe aliona, lakini, kwamba hamira iliyoonjeshwa hewa huamka na kufanya kazi kwa uhai kuliko ile iliyonyimwa kabisa. Aliona tukio bila kuwa na maarifa ya kemia ya kulieleza.

Maelezo yalipatikana katikati ya karne ya 20. Mwaka 1953 na 1954 watafiti wawili, Andreasen na Stier, walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba hamira ya bia ikifungiwa mahali pasipo na oksijeni kabisa huzaliana kidogo kisha husimama, hata ikiwa na sukari na virutubisho vingine vyote. Walipoiongezea ergosteroli, ambayo ni mafuta ya aina ya pekee yanayokaa kwenye utando wa seli, pamoja na asidi ya oleiki, ile inayopatikana kwa wingi katika mafuta ya zeituni, iliendelea kuzaliana kana kwamba hewa ipo. Hapo ndipo fumbo lilipofunguka. Oksijeni ni malighafi ya ujenzi. Hamira inayatengeneza mafuta hayo mawili yenyewe, lakini baadhi ya hatua za kuyatengeneza haziwezekani bila oksijeni halisi kushiriki. Kwa ergosteroli moja zinahitajika molekuli 12 za oksijeni. Kiasi chote kinachotakiwa ni kidogo, ndiyo maana miligramu chache kwa lita zinatosha kazi ambayo kupumua kungezimaliza kwa dakika.

Utando wa seli ndio ukuta, mlango na dirisha la hamira. Sukari huingilia hapo na pombe hutokea hapo. Kila hamira inapojigawa, mama na binti hugawana utando uliopo, na kama hakuna mafuta mapya, kila kizazi kinapata nusu ya akiba ya kizazi kilichopita. Ni kama fundi aliyepewa mifuko kadhaa ya saruji asubuhi, akaambiwa lori halirudi tena: anaweza kujenga vyumba vitatu imara, au sita ambavyo kuta zake zinapukutika ukizigusa. Hamira iliyokula hewa ya kutosha inaweza kuanza na akiba ya steroli inayokaribia asilimia 1 ya uzito wake mkavu. Ikishuka hadi sehemu ya kumi ya hapo, kujigawa kunakoma. Bia ya kawaida inahitaji hamira ijigawe mara mbili au tatu ili wingi wake utoshe. Anayeanza na akiba ndogo anafika mwisho wa safari na seli zenye utando dhaifu, wakati huohuo pombe ikiwa imepanda, na pombe ndiyo inayoutoboa utando dhaifu.

Mnywaji hukutana na matokeo yake bila kujua chanzo. Uchachaji huchelewa kuanza, siku nzima au zaidi, na muda huo wote bakteria wana karamu yao. Ukianza husuasua. Unaweza kukoma haidromita, kifaa cha kupimia sukari iliyomo, ikiwa bado inasoma juu, sukari iliyobaki ikaifanya bia iwe nzito na tamu ya kuchosha. Hamira iliyochoka huacha nyuma asetaldehaidi, yenye ladha ya tufaha bichi, na hushindwa kufyonza tena daiasetili, inayonukia siagi. Esta, zile harufu za matunda kama ndizi na peasi, huelekea kuongezeka. Nasema huelekea kwa sababu aina ya hamira na joto la chumba vina sauti kubwa hapa pia, na si kila bia yenye harufu ya ndizi ilinyimwa hewa.

Wapishi wa zamani walilijua hili kwa mikono. Karne nyingi kabla ya mtu kutaja steroli, viwanda vya Ulaya vilipoza maji ya kimea katika masinia mapana ya kina kifupi, wazi juu, ambayo yalipoza na kuingiza hewa kwa pamoja; Cantillon ya Brussels bado inalitumia sinia lake. Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, wana hamira inayopenda kugandamana mapema na kuacha kazi. Dawa waliyoipata ni kuichota bia inayochacha kutoka chini ya tangi na kuirusha juu ya tabaka la hamira lililoelea, ili iamke na ipate hewa. Kiwanda cha Samuel Smith cha Tadcaster kinachachusha mpaka leo katika masanduku ya mawe yaliyoundwa kwa mtindo huo. Mbinu ya Yorkshire inafundisha kwamba hitaji la hewa ni tabia ya hamira fulani zaidi kuliko kanuni moja ya bia zote. Hamira nyingine zinaridhika na miligramu 4 kwa lita, nyingine hazitosheki na 8.

Sasa kiasi. Mapendekezo ya kawaida kwa bia za aina ya eli ni miligramu 8 hadi 10 kwa lita, na zaidi ya hapo kwa bia kali au laga inayochachushwa kwenye baridi. Njia za kufika huko ndizo zinazozua ubishi. Mmoja wa wauzaji wakubwa wa hamira wa Marekani, Wyeast, amekuwa akiwaambia wateja kwamba kumwaga na kutikisa kunaweza kufikisha karibu miligramu 8. Chris White wa kampuni ya hamira ya White Labs na Jamil Zainasheff, katika kitabu chao kuhusu hamira cha mwaka 2010, walitoa vipimo vyao kwa chombo cha lita 20: dakika 5 za kutikisa zilileta chini ya miligramu 3, na dakika moja ya oksijeni safi ikaleta 9 na kitu. Mtu anaweza kuchukua takwimu anayoipenda akaenda zake. Kwangu tofauti hiyo ina maana moja iliyo wazi, kwamba neno kutikisa halina kipimo. Ndoo iliyojaa hadi shingoni, ikiyumbishwa taratibu na mtu anayeogopa kuchafua sakafu, haipati kitu. Ndoo ya lita 30 yenye lita 20 ndani, ikipigwa huku na huko kwa nguvu, ina eneo kubwa la maji linalovunjika na kukutana na hewa, nayo inaweza kukaribia ukomo.

Tazama kinachotokea kwenye povu lenyewe. Pampu ndogo ya tangi la samaki ikipuliza hewa kupitia mpira mtupu, mapovu yanatoka makubwa kama kunde, yanapanda moja kwa moja na kupasuka juu ndani ya sekunde moja; oksijeni iliyomo inarudi chumbani karibu yote. Ukiweka mwisho wa mpira jiwe lenye matundu madogo, mapovu yanatoka kama moshi mweupe, yanazungukazunguka, mengine yanayeyuka kabla ya kufika juu. Hewa ni ileile, pampu ni ileile, lakini eneo la kugusana limeongezeka mara nyingi na muda wa kugusana umerefuka. Kisha linakuja tatizo la pili, ambalo maduka hayalitaji sana. Maji ya kimea yana protini, na protini hupenda povu. Baada ya dakika chache povu gumu linapanda na kumwagika. Mpishi anazima pampu, anasubiri lishuke, anawasha tena. Kwa hiyo dakika 20 za pampu kwenye karatasi ya maelekezo zinageuka saa nzima ya kusimama na kitambaa mkononi. Kipigio cha mayai cha umeme, kikiwa kimeuliwa vijidudu, kinafanya kazi ya kuheshimika kwa bei ndogo zaidi.

Ukomo wa hewa unabadilika pia kulingana na mahali. Boulder, kilikoanzia chama cha Wamarekani, iko mita 1,600 na zaidi juu ya bahari, takriban kimo cha Nairobi. Mgandamizo wa hewa hapo ni pungufu kwa karibu moja ya tano ya ule wa Mombasa, na kiasi cha oksijeni inayoyeyuka hupungua kwa uwiano huohuo: ile 8 inakuwa 6 na nusu hivi, hata ukitikisa mpaka mabega yaume. Mkazi wa pwani ana shida yake nyingine. Maji ya bomba ya Dar es Salaam hayawezi kuyapoza maji ya kimea hadi nyuzijoto 20 bila barafu, na maji ya kimea ya nyuzijoto 28 hayapokei oksijeni kama ya 20. Kwa anayepika juu milimani bia kali, hoja ya kutumia oksijeni safi ina nguvu, kwa sababu hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 tu, na gesi safi inauinua ukomo huo karibu mara tano.

Hapa ndipo wakati unapoingia, na naona ndilo jambo linalostahili uangalifu kuliko kifaa chochote. Hamira iliyotiwa kwenye maji ya kimea yenye hewa humaliza oksijeni hiyo kwa saa chache. Baada ya hapo inaanza kutoa hewa ya ukaa, ambayo inasafisha chombo na kukikinga. Oksijeni inayoingia wakati huo wote wa baadaye haina mteja. Hamira imeshaacha kujenga, kwa hiyo oksijeni inashambulia bia yenyewe: harufu ya hopsi inafifia, rangi inakoza, na baada ya wiki chache ladha ya karatasi iliyoloa inajitokeza. Ladha hiyo ilihusishwa mwaka 1970 na kemikali iitwayo nonenali, ambayo ulimi wa binadamu huigundua hata ikiwa kidogo mno. Viwanda vinavyojali hupigania bia iliyofungwa chupani isiwe na oksijeni inayozidi miligramu 0.05 hadi 0.1 kwa lita. Kiasi kinachotakiwa siku ya kwanza kinaweza kuwa mara 100 ya kile kinachovumiliwa siku ya mwisho. Mtu anayetia hewa katika siku ya tatu kwa sababu uchachaji unasuasua, akidhani anarekebisha kosa la siku ya kwanza, mara nyingi anabaki na makosa mawili. Ukiacha hamira kama ile ya Yorkshire, kuna msamaha mmoja unaotambuliwa: bia nzito sana, haidromita ikisoma 1.080 na kuendelea, inaweza kupewa dozi ya pili ya oksijeni saa 12 hivi baada ya hamira kutiwa, wakati seli bado zinajigawa.

Upande wa mapema nao una mpaka. Kumwaga maji ya kimea yakiwa ya moto hakusaidii, maana oksijeni haiyeyuki humo, na ile kidogo inayoingia hushikana na viambato vya kimea badala ya kungoja hamira. Wapishi wa nyumbani Marekani wamebishana miaka mingi kuhusu ukubwa wa madhara hayo. Wapo walioogopa hata kukoroga sufuria. Nadhani hofu ilizidishwa, lakini amri ya kungoja maji yapoe haigharimu kitu, na inafaa kutiiwa kwa sababu nyepesi zaidi: hewa ya moto haikai. Hewa ya jikoni nayo hubeba vumbi, bakteria na hamira za porini, na maji ya kimea yaliyopoa ni chakula chao wote. Pampu ipewe kichujio. Anayetikisa ndoo iliyofungwa mfuniko anatumia hewa kidogo iliyomo ndani, na hatari hiyo inakuwa ndogo kiasi cha kutohangaisha.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa wauza hamira kavu, na lina ukweli. Kampuni zinazotengeneza vipakiti vya gramu 11 hivi zinasema kwamba hamira yao mpya, ikitiwa kwa kipimo, haihitaji maji ya kimea kutiwa hewa. Hamira hiyo imekuzwa kiwandani kwenye matangi yanayopulizwa hewa kwa wingi, ikilishwa sukari kidogokidogo ili ipumue badala ya kuchachusha, ikajaza mafuta ya utando kabla ya kukaushwa. Imekuja na saruji yake. Kwa hiyo mpishi wa bia ya nguvu ya wastani anayefungua kipakiti kipya kila mara anaweza kumimina maji yake ya kimea ovyoovyo na asione tofauti. Hili halibomoi hoja yangu hata chembe, linaithibitisha: hitaji ni mafuta ya utando, na aliyeyapata mapema ameyapata.

Pingamizi la pili linafanana na la kwanza. Wapo waliogawa maji ya kimea mara mbili, nusu yakatiwa oksijeni na nusu yakaachwa, kisha wakawapa wanywaji vikombe vitatu, viwili vya bia moja na kimoja cha nyingine, watafute kisichofanana, wengi wakashindwa. Jaribio la namna hiyo linaheshimika, na naliamini ndani ya mipaka yake. Linasema kwamba kwa hamira ile, iliyo nyingi na mpya, katika bia ile, tofauti haikusikika mdomoni. Halisemi lolote juu ya hamira inayorudishwa kazini kwa mzunguko wa nne, wala bia yenye pombe asilimia 10. Kushindwa kugundua kitu kwenye hali rahisi si ushahidi kwamba kitu hicho hakipo kwenye hali ngumu.

La tatu litatoka kwetu. Mama anayepika busaa magharibi mwa Kenya hajawahi kununua jiwe la matundu, na busaa yake inachacha kwa kishindo. Kweli kabisa. Lakini tazama anavyoipika: unga wa mahindi hukandwa na kuachwa uchachuke, hukaangwa juu ya bati, kisha huchanganywa na maji na kimea cha wimbi. Mchanganyiko huo hauchemshwi tena kabla ya kuchacha, kwa hiyo hewa haijafukuzwa. Unakorogwa na baadaye unachujwa wazi. Umejaa chembe za nafaka zenye mafuta yao wenyewe, ambayo hamira inaweza kuyatumia. Na hunywewa siku chache baadaye ukiwa bado hai, kabla ya oksijeni kupata nafasi ya kuharibu ladha yoyote. Shida ya hewa, pande zake zote mbili, ilizaliwa na uamuzi wa kuchemsha maji ya kimea, kuyachuja yakang'aa, na kutaka bia ikae miezi. Busaa haikuingia katika uamuzi huo.

Wapo pia wanaotaka kuruka hewa kabisa kwa kutumia matokeo ya Andreasen na Stier moja kwa moja: kama hamira inataka mafuta, ipewe mafuta. Grady Hull wa kiwanda cha New Belgium, Colorado, aliliandikia tasnifu: aliitia hamira mafuta ya zeituni ikiwa kwenye tangi la kuhifadhia, badala ya kuyatia hewa maji ya kimea. Uchachaji ulikwenda, ingawa kwa mwendo wa taratibu zaidi, na esta zikapanda kidogo. Kwa kiwanda kinachopigana na oksijeni kila hatua, wazo hilo lina mvuto. Kwa mpishi wa lita 20 ni mzaha, kwa sababu dozi yake ni miligramu chache tu, sehemu ya tone moja, na mizani ya jikoni haioni kitu hicho. Anayedondosha tone zima au kijiko anaharibu povu la bia yake. Tena mafuta ya zeituni yanaleta hasa asidi ya oleiki. Ergosteroli hayaleti, na hamira itakayorudishwa kazini tena na tena itakuja kudai deni hilo.

Oksijeni safi ina hatari ambayo hewa haina, nayo ni kupitiliza. Kwa hewa ya kawaida mpishi hawezi kuvuka ile 8 hata akitaka. Maumbile yamemwekea breki. Mwenye mtungi wa gesi na jiwe la matundu madogo anaweza kufika 15 kwa dakika mbili, na 20 na zaidi asipotazama saa. Hamira iliyopewa kupita kiasi huzaliana kupita kiasi, ikitumia sukari kujenga miili yake, na inaweza kuacha pombe kali zinazochoma koo na bia isiyo na harufu ya matunda iliyotarajiwa. Wengi wanaonunua mtungi hawanunui kipimo cha kusomea oksijeni, kwa sababu kipimo ni ghali kuliko mtungi. Wanafanya kazi kwa kukisia, na sioni kukisia huko kunavyozidi ubora ndoo iliyotikiswa sawasawa. Mtungi huo pia hulisha moto. Usifunguliwe karibu na jiko linalowaka, na jiko katika siku ya kupika bia huwa linawaka.

Kwa hiyo swali la kununua au kutonunua linategemea hamira inatoka wapi. Mwenye kipakiti kipya cha hamira kavu na bia ya 1.050 hana deni la kulipa. Mwenye hamira ya maji iliyokaa miezi kwenye friji ana deni dogo, na ndoo kubwa, mfuniko mzuri na dakika tano za jasho vinamtosha, mradi maji yamepoa. Anayekinga matope ya hamira chini ya chombo baada ya kila bia na kuyatia kwenye bia inayofuata, kama viwanda vinavyofanya, anaitumia hamira iliyomaliza kazi yake ya mwisho ikiwa na akiba ndogo mno ya steroli. Huyo, hasa akiwa anapika laga kwenye baridi au bia kali, ndiye mteja halisi wa jiwe la matundu. Kipimo chake cha kuaminika ni saa: matope yaleyale, maji ya kimea yaleyale, joto lilelile, na muda wa kusubiri povu la kwanza unaorefuka kutoka bia hadi bia.